Tuwapige picha kabla ya kuwapiga dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nieleze jambo ambalo kwa wasomaji wengi linaweza kuonekana kuwa ni mchezo wa watu wasio na kazi, nalo ni upigaji picha wa wadudu kwa karibu sana, kiasi kwamba mdudu mwenye urefu wa nusu sentimita anaonekana nywele zake, macho yake na chavua iliyomganda miguuni. Mimi ni mkazi wa Uyole, riziki yangu inatokana na kazi nyingine kabisa, na upigaji picha huu ninaufanya alfajiri kabla ya kwenda kazini na siku za mapumziko. Hoja yangu ni kwamba katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, ambako kaya nyingi zina shamba au bustani na mashamba mengi yanategemea bomba la kupulizia dawa, picha hizi ndizo njia nyepesi kuliko zote ya mkulima kumjua mdudu aliye mbele yake kabla hajaamua kumuua. Kwa sababu hiyo ninaliomba gazeti lako litenge sehemu ndogo katika ukurasa wa kilimo kwa ajili ya picha za wadudu zinazopigwa na wasomaji wenyewe.

Nianze na jambo ambalo mtu yeyote anayelima maharage, kabichi au viazi mviringo katika ukanda huu anaweza kulithibitisha mwenyewe. Vidukari wanapojaa chini ya majani machanga hadi majani yakaanza kujikunja, huwa hawako peke yao. Katikati yao hutembea kiumbe mwenye mwili mrefu mweusi, ngozi yenye vinundu, madoa ya rangi ya chungwa mgongoni na miguu sita iliyokaa upande wa kichwani, anayefanana na mamba mdogo kuliko anavyofanana na mdudu yeyote tuliyemzoea. Mkulima akimwona huhitimisha kwamba huyo ndiye mkubwa wao, na mara nyingi humponda kwa vidole kabla hata hajakwenda kuchukua bomba. Kumbe huyo ni mtoto wa yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu wenye madoa meusi, ambaye watoto wetu humwacha atembee juu ya viganja vyao kwa kuwa wanamwona mzuri, na chakula chake, utotoni na ukubwani, ni vidukari haohao. Jirani yake kuna buu asiye na miguu, wa kijani au wa hudhurungi, anayejivuta polepole juu ya jani. Naye ni mtoto wa nzi mwenye michirizi ya njano na nyeusi anayeelea hewani mbele ya maua, na kazi yake kubwa katika umri huo ni kufyonza vidukari hadi wabaki ngozi tupu. Nina picha ambayo buu wa namna hiyo amemnyanyua kidukari juu ya jani, miguu ya kidukari ikitapatapa hewani na tumbo lake likiwa limeshaanza kunywea. Anayelitazama jani hilo akiwa amesimama anaona vijidudu tu, na hukumu yake inawapata wote kwa pamoja. Anayepiga magoti na kuikuza picha anaona ni nani anayelifyonza jani na ni nani anayemfyonza mfyonzaji.

Hali ni hiyohiyo kwa kiwavi anayeonekana amebeba vifuko vidogo vyeupe vya nyuzi mgongoni au ubavuni. Nimesikia vikiitwa mayai, na nimeona mtu akiongeza dawa kwa hofu kwamba viwavi wanakaribia kuzaana, ilhali kiwavi hawezi kutaga, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtoto wa nondo au kipepeo. Vifuko hivyo ni vya nyigu wadogo mno waliokulia ndani ya mwili wa kiwavi huyo, wakatoboa ngozi yake na kujifunga nyuzi ili wakamilishe ukuaji wao nje, na wakishapata mabawa watakwenda kutafuta viwavi wengine wa kutagia. Kumpulizia dawa kiwavi wa namna hiyo, ambaye hana siku nyingi za kuishi, ni kupata hasara mara mbili: dawa inateketea bure, na wale ambao wangepunguza viwavi wa wiki zinazofuata wanakufa pamoja naye.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni Amerika, wakaonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kubainika nchini mwetu mwaka 2017. Wakulima wengi wa mahindi wanawachanganya na funza wa mabua, au na viwavijeshi wa siku zote ambao hutembea kwa makundi makubwa na kufyeka nyasi pamoja na nafaka, ingawa mienendo ya wadudu hao haifanani na wakati mwafaka wa kuwadhibiti pia haufanani. Alama za kumtambua yule vamizi zinajulikana: usoni ana mistari myeupe inayokutana na kuunda herufi Y iliyopinduliwa juu chini, na karibu na mwisho wa mwili wake ana madoa manne meusi yaliyopangika kwa umbo la mraba. Tatizo ni kwamba wakati unaofaa kumdhibiti ni akiwa bado mdogo, kabla hajazama katikati ya majani machanga ya juu ambako dawa haimfikii, na akiwa na umri huo jicho la mtu mzima, hasa la sisi tuliovuka miaka arobaini, halizioni alama hizo kwa urahisi. Lenzi ndogo ya kubandika kwenye simu inasaidia sana hapo, na picha ikishapatikana inatumwa kwa bwana shamba au bibi shamba, ambaye pengine ana vijiji kadhaa vya kuhudumia, kabla mkulima hajapanda bodaboda kwenda duka la pembejeo kununua chochote atakachouziwa.

Hapo nimeitaja simu kwa makusudi. Watu wengi huniambia kwamba wangependa kupiga picha kama hizi lakini hawana kamera ya mamilioni, na kauli hiyo huwazuia bila sababu. Simu janja ya kawaida ikibandikwa lenzi ya kukuzia, ile inayobanwa kwa kibanio mbele ya kamera yake kuu, inatoa picha nzuri ya kutosha kuhesabu miguu ya sisimizi na kuiona mishipa ya bawa la nyuki. Kinachohitaji uangalifu ni kwamba simu nyingi za bei nafuu zina kamera ndogo ya pembeni inayotajwa kuwa ni ya kupigia vitu vya karibu, ambayo aghalabu ina megapikseli 2 tu, na picha zake zikikuzwa kidogo huvurugika. Ni afadhali kutumia kamera kuu pamoja na lenzi ya kubandika. Lenzi hiyo hulazimisha simu isogee hadi sentimita chache kutoka kwa mdudu, kwa hiyo kivuli cha mpigaji ndicho adui wa kwanza, na fokasi haipatikani kwa kubonyezabonyeza kioo bali kwa kuisogeza simu yenyewe mbele na nyuma taratibu huku viwiko vikiwa vimeegemezwa mahali.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi ana njia zaidi, na si zote zenye gharama. Lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera ikigeuzwa nyuma mbele na kufungwa kwa pete maalumu inageuka kuwa lenzi ya kukuzia. Pete za kurefusha, ambazo ni mirija mitupu inayowekwa kati ya kamera na lenzi, nazo hufanya kazi hiyo. Lenzi zilizotengenezwa hasa kwa kazi hii ni zile zinazofikia uwiano wa 1 kwa 1, maana yake mdudu wa sentimita 1 anaacha taswira ya sentimita 1 kamili juu ya kitambuzi cha mwanga kilichomo ndani ya kamera. Katika ukuzaji huo sheria za mwanga zinakuwa kali. Kwa kamera yenye kitambuzi kikubwa, hata tundu la lenzi likibanwa hadi namba 8 (f/8), sehemu inayoonekana bila ukungu huwa na unene wa takriban milimita 1, ndiyo maana katika picha nyingi utaona jicho la nzi limetokea vizuri huku papasi zake, yaani viungo viwili vya kupapasia vilivyo kichwani, na mabawa yake yakiwa yamefifia. Ukilibana tundu zaidi unapata unene zaidi, lakini ukipitiliza mwanga unaanza kutawanyika na picha nzima inapoteza ukali. Isitoshe, mwanga unaofika kwenye kitambuzi kwa uwiano huo ni robo tu ya ule ambao ungefika kama ungekuwa unapiga mlima ulioko mbali.

Dawa ya upungufu huo ni flashi, na flashi tupu inaharibu, kwa sababu migongo ya wadudu wengi inang'aa na itarudisha doa jeupe linaloficha kila kitu. Mimi hutumia kipande cha kidumu cheupe cha mafuta ya kupikia, kilichokatwa na kufungwa kwa mpira mbele ya flashi, na sijaona sababu ya kununua kifaa cha kiwandani cha kulainisha mwanga. Wapo wanaopiga picha nyingi za mdudu mmoja, kila moja ikiwa na fokasi mahali tofauti kidogo, kisha wakaziunganisha kwa programu ya kompyuta ili mwili mzima uonekane wazi. Matokeo yake yanapendeza sana, ila yanahitaji mdudu asiyesogea hata kidogo, na hapo ndipo uchokozi unapoanzia, kama nitakavyoeleza.

Kwa bahati njema hali ya hewa ya kwetu inatusaidia kuliko inavyowasaidia wenzetu wa Pwani. Wadudu wengi hawajitengenezei joto mwilini, bali hutegemea joto la jua, na asubuhi ya Juni au Julai katika Mbeya, Makete au Mufindi, ambako nyakati nyingine nyasi huamkia na barafu nyembamba, kereng'ende aliyelala juu ya ukoka hawezi kuruka hata ukimsogelea hadi kiasi cha upana wa kiganja. Huwa amefunikwa na umande, kila tone likiwa limekaa juu ya unywele wake, na macho yake makubwa, ambayo kwa baadhi ya aina yameundwa kwa vijicho vinavyokaribia 30,000, yanaonekana kama yamepangwa kwa mkono. Jua likishafika juu ya milima na kumgusa, anaanza kutetemesha mabawa ili kupasha misuli moto, na hapo mpiga picha amebakiwa na dakika chache. Saa sita mchana unaweza kuzunguka bustani nzima ukaambulia picha za mikia inayotoroka.

Huwa ninalenga macho kabla ya kitu kingine chochote. Picha ambayo macho ya mdudu yamepotea katika ukungu haimshiki mtazamaji, hata kama tumbo na mabawa vimetokea barabara. Vunjajungu ndiye anayenipa raha kuliko wote katika jambo hili, kwa sababu anageuza kichwa kukutazama, na ndani ya kila jicho lake kubwa kuna nukta nyeusi inayokufuata kila unapohama, kana kwamba anakukodolea. Nukta hiyo si mboni. Jicho lake ni mkusanyiko wa vijicho vingi, kila kimoja kikitazama upande wake, na vile vinavyoelekea kwako moja kwa moja humeza mwanga badala ya kuurudisha, kwa hiyo vinaonekana vyeusi. Ukisogea, kundi jingine la vijicho ndilo linaloelekea kwako, na nukta inakuwa imehama. Katikati ya paji lake, kati ya papasi, kuna macho mengine matatu madogo ambayo watu wengi hawajapata kuyaona. Nimewahi kumwonyesha kijana mmoja wa sekondari picha hiyo, naye akatumia saa nzima ya mapumziko akimtafuta vunjajungu kwenye ua wa shule.

Sasa nirudi kwenye uchokozi. Wapo wapiga picha wanaomweka mdudu kwenye friji ili apoe na asisogee, na wengine wanamuua kabisa, wanampanga miguu juu ya ua, kisha wanatuonyesha kama mdudu aliye hai. Mtaalamu wa wadudu anayekusanya vielelezo kwa ajili ya utafiti ana sababu zake na ana taratibu zake, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mtu anayefanya hivyo kwa kutafuta sifa, kwa sababu mbali na ukatili wenyewe, picha ya namna hiyo inadanganya: inamwonyesha mdudu juu ya mmea asioula, katika mkao asioukaa, saa ambazo huwa amejificha. Thamani yote ya kilimo niliyoieleza hapo juu inapotea, kwani mkulima anataka kujua mdudu huyu anafanya nini juu ya mmea huu, na kwa jibu hilo ni lazima aachwe afanye anachofanya. Sisimizi anayempapasa kidukari kwa papasi zake hadi kidukari atoe tone la utomvu mtamu nyuma yake hawezi kufanya hivyo akiwa ametoka kwenye friji, na ni picha hiyo inayomfundisha mkulima kwa nini sisimizi wengi kwenye shina la mchungwa ni dalili ya kukagua majani yaliyo juu.

Tukiacha wadudu waharibifu, eneo letu lina mengine ambayo hayaelezeki bila kumpiga picha mdudu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ina ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi na inasifika kwa aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwamo okidi za ardhini za aina 45. Wageni huja na kupiga picha maua, wakaondoka. Ni wachache wanaosubiri kuona ni nani analitembelea ua, ilhali okidi haitoi chavua yake kama vumbi linalopeperuka, bali huifungasha katika vifurushi vyenye gundi ambavyo humganda mgeni anapoingiza kichwa au mrija wake kufuata nekta. Picha ya karibu ya nondo mwenye vifurushi viwili vya njano vimemsimama kwenye mrija wake wa kunywea inatuambia habari ambayo picha ya ua peke yake haina. Ninawasihi wanaokwenda huko wakae kwenye njia, kwa sababu mtu anayelalia tumbo ili ampate mdudu mmoja anaweza kuponda mimea ambayo ndiyo iliyoifanya hifadhi hiyo iwepo.

Parachichi ni habari nyingine, na kwa Rungwe na Njombe ni habari ya fedha. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa la kike, likajifunga, kisha likafunguka tena likiwa la kiume. Kwa aina ya Hass ua hufunguka asubuhi sehemu yake ya kike ikiwa tayari kupokea chavua huku stameni zikiwa zimelala kando, na kesho yake alasiri likarudi stameni zikiwa zimesimama na kutoa chavua. Ua lenyewe halifiki upana wa kidole gumba, kwa hiyo mkulima anaweza kuwa na miti hiyo kwa miaka mingi asilione jambo hilo, lakini picha mbili za ua lilelile zinalimaliza somo. Ukikaa karibu na mti uliochanua utaona kwamba pamoja na nyuki wa asali wapo nzi wa aina mbalimbali, wakiwamo wale wa michirizi ya njano niliowataja, nao hutoka wakiwa na chavua vifuani. Mtu aliyewaona hao kwa karibu hapigi dawa mti ukiwa katika maua. Kule Kyela, kakao inachavushwa na vijinzi vya milimita 1 hadi 3, ambavyo bila lenzi ni vigumu hata kuvitofautisha na vumbi.

Hata pareto yetu, ambayo maua yake hukaushwa na kukamuliwa sumu ya kuulia wadudu, hutembelewa na wadudu ikiwa hai shambani, na nyuki juu ya pareto ni picha ambayo ningependa kuiona imechapishwa gazetini.

Niseme pia kuhusu mapokeo ya jamii, kwa kuwa vijana wengi wanaoanza hukata tamaa hapo. Mtu mzima aliyepiga magoti pembezoni mwa shamba la viazi, akiwa na kamera na kidumu kilichokatwa, huzua maswali. Wengine hudhani ni mpima ardhi, na kwa kuwa Chunya haiko mbali, wengine hudhani ametafuta dhahabu akaipata. Mama mmoja wa Isongole alinisimamia kwa muda kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapo umeona nini, madini?" Nikamjibu, "Shikamoo mama. Nimeona mdudu tu, nampiga picha." Akasema, "Marahaba. Mdudu! Wa kazi gani?" Nilimwonyesha kioo cha kamera, naye akaniita nikaangalie mmea mwingine uliomsumbua wiki nzima. Utaratibu wa busara ni kusalimu na kuomba ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kuinama, na kumwonyesha picha kabla ya kuondoka. Buti za mvua nazo ni za lazima, kwani anayetazama milimita 1 ya mbele yake hamwoni nyoka aliye kando, na siafu hawatoi taarifa.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba picha haitoshi kumtambua mdudu, na kwamba mitandaoni kila mtu amekuwa mtaalamu. Pingamizi hilo lina ukweli mwingi. Rungwe yenyewe ilitupa fundisho juu ya jambo hilo. Kipunji, tumbili ambaye wenyeji wa mlima huo walimfahamu, aligunduliwa na wanasayansi mwaka 2003, na maelezo yake ya kwanza ya kisayansi ya mwaka 2005 yaliegemea picha na sauti zilizorekodiwa, kwa sababu hapakuwa na mzoga wa kuchunguza. Ulizuka mjadala mkubwa kuhusu kama picha inaweza kuwa kielelezo, na ni mpaka alipopatikana kipunji aliyekufa katika mtego wa mkulima ndani ya shamba la mahindi ndipo uchunguzi wa mwili wake ulipoonyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la peke yake katika mpangilio wa kisayansi wa wanyama, iliyopewa jina la Rungwe mwaka 2006. Kwa wadudu ugumu ni mkubwa zaidi, maana zipo nondo na nzi wengi ambao hutofautishwa kwa viungo vya ndani vinavyotazamwa kwa hadubini. Lakini ikiwa mnyama mwenye ukubwa wa tumbili alikaa juu ya miti ya Rungwe hadi mwaka 2003 bila kuandikwa katika vitabu vya sayansi, tusishangae kwamba chini ya miti hiyo kuna wadudu ambao picha ya mwanafunzi wa Tukuyu inaweza kuwa taarifa yao ya kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, lina masharti. Picha itakayochapishwa iandamane na jina la mahali, tarehe, na mmea ambao mdudu alikuwa juu yake, pamoja na maelezo ya alichokuwa anafanya. Bila hayo inabaki pambo. Jina la mdudu lisichapishwe hadi lipitiwe na mtaalamu, na wataalamu tunao: kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) hapa Uyole, kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, na kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Pale ambapo mtaalamu anaweza kufika kwenye kundi tu na si aina kamili, iandikwe hivyo. Picha ziwe za rangi, kwa sababu kiwavi mwenye alama za njano akichapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe anafanana na wengine wote. Na niruhusu niseme bila kulenga gazeti lolote, kwamba makala nyingi za kilimo tunazosoma huambatana na picha za wadudu zilizochukuliwa kwenye intaneti, nyingine zikiwa zimepigwa kwenye mimea isiyolimwa kabisa nchini, jambo linalomfanya mkulima amtafute shambani kwake mdudu ambaye hayupo na kumwacha aliyepo.

Kama itakupendeza, sehemu hiyo ianze mwezi Novemba, mvua za kwanza zinapowatoa kumbikumbi na mashamba yanapoanza kuota, na ikidumu hadi Agosti picha zilizopatikana zinaweza kuombewa banda dogo katika maonesho ya Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale, ambako wakulima wa mikoa yote ya ukanda huu hukutana. Picha zangu nitazitoa bila malipo, na mwalimu yeyote wa baiolojia wa Mbeya mjini au Rungwe anayetaka wanafunzi wake waonyeshwe namna ya kugeuza lenzi au kukata kidumu anaweza kunipata kupitia ofisi yako, Jumamosi yoyote ambayo si ya mvua.

Wako msomaji,
Uyole, Mbeya